Pale Darajani Hakuna Askari

Shemeji Amisi,

Usianze kucheka. Najua ungeniona hapa, nimekaa juu ya piki na karatasi nimeiweka kwenye tangi, ungesema, "Idi, kalamu ya nini tena? Wewe shule ulitokea dirishani." Haya, nimekuchekea mwenyewe. Nyumbani siwezi kukaa. Nikikaa, mguu unatikisika wenyewe, mpaka dada yangu Zaina ananifukuza: "Toka, unanitikisia hata chungu." Ndiyo nimekuja kukuandikia huku parkingini, tunaposubiri abiria sisi motari na piki zetu. Injini imezimwa, lakini mkono usioandika uko kwenye klachi.

Habari za kwako kwanza. Zaina ametoka eda. Amerudi sokoni na mawese yake, na juzi nilimsikia akigombana na mteja kwa sauti ile ile iliyokuwa inakutoa nyumbani asubuhi. Nilifurahi, wallahi. Mtoto wako Fatuma ameanza kutembea, na kila akisikia piki inapita anajipiga kichwa kwa kiganja. Umemfundisha wewe, mjinga wewe. Mtoto hajajua kusema baba, tayari anajua kusema askari wako mbele.

Unakumbuka siku uliyonifundisha mimi? Ukikutana na mwenzako njiani ukajipiga kichwa, maana yake polisi iko mbele, apunguze. Ukifagia hewa kwa kiganja, njia nyeupe, apite. Basi, hiyo ndiyo sheria yetu yote kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Ukaniambia, "Idi, bibi unaweza kumudanganya, polisi unaweza kumudanganya, lakini alama haidanganyi. Siku utadanganya na alama, wewe hauko motari tena."

Na polisi kweli uliwadanganya. Ile siku ya bariyeri ya Lusangi bado inanichekesha peke yangu. Umeiona kamba ya polisi kwa mbali, umezima injini, umeshuka, ukaanza kusukuma piki huku unahema kama mgonjwa, na mimi nyuma nasukuma sijui hata nasukumia nini. Askari wakatuonea huruma. Wakatusaidia kusukuma! Mpaka tukapita mgomba wa mwisho, ukaruka juu, ukapiga kiki, tukatoweka. Na yule mkubwa wao mwenye filimbi, aliyekaa kivulini, akakukamata wiki iliyofuata: "Wewe, ulikuwa na mwendo mkali." Ukamuuliza, "Umeupima na nini, shefu?" Akasema, "Na macho." Ukalipa, Amisi. Siku hiyo peke yake.

Na mwendo mkali ulikuwa nao. Mimi niliyekuwa nakula vumbi lako najua. Kwenye ule mpira wa nyuma wa kuzuia matope uliandika kwa rangi nyekundu MWENDA POLE HAJIKWAI. Nikakuuliza, wewe wa kuandika hivyo? Ukasema umewaandikia wale unaowapita, maana ndio wanaoweza kuusoma. Mpira huo sasa uko kwenye piki yangu. Yako haikufaa tena kitu, lakini mpira ulitoka mzima.

Nitakwambia jambo linalonifanya nisikae. Sijamwambia Zaina.

Asubuhi ile tulikuwa tunaenda Wamaza na mifuko yetu ya chumvi. Ulitaka tupite kabla askari hawajafunga kamba. "Wakiamka tumekwisha kupita," ulisema. Juu ya kile kilima cha daraja la miti tukakutana na Sumaili, prezida wetu wa parkingi, anarudi. Akafagia hewa. Njia nyeupe. Na alisema kweli, Amisi, hakukuwa na askari hata mmoja. Ukanigeukia, meno yote nje, ukafungua gazi, piki ikaruka. Miti ya daraja ilikuwa imelowa. Nilisikia injini yako inalia, halafu sikuisikia tena.

Nimelizungusha jambo hilo kichwani mpaka limenichosha. Kama Sumaili angedanganya, ungepunguza. Wewe kilima hukukiogopa, kona hukuiogopa, maji hukuyaogopa. Ulipunguza kwa ajili ya kofia ya askari tu. Na sisi wote ni hivyo hivyo. Mama akikuambia polepole mwanangu, unaitika naam mama na gazi unaongeza. Abiria akikubana mbavu, unaongeza. Lakini askari mmoja na kamba yake kuukuu, tunakuwa watoto wa madrasa.

Basi nikaanza kudanganya.

Wa kwanza alikuwa anateremka kwa kasi, shati limejaa upepo. Nikajipiga kichwa. Ebu, ungemwona! Akakaa sawa, akaweka gia ya pili, akafunga hata kamba ya kaske kidevuni, akashuka kile kilima kama anabeba mayai. Nikasimama juu kumwangalia mpaka akavuka daraja. Sikuwa nimepumua vizuri hivyo tangu tukuzike. Kuanzia hapo kila niliyekutana naye pale juu nilimpigia kichwa. Wewe ulisema alama haidanganyi. Mimi nilisema, alama ya kweli imeniachia nini? Imemwacha dada yangu mjane.

Lakini motari si wajinga. Wakashuka mara ya kwanza, ya pili, hawaoni kofia. Wakaanza kuninong'ona, halafu kunizomea: "Idi wa kichwa." Nikavumilia. Sasa siku moja, Amisi, askari wakatoka kweli. Si darajani, ni huku karibu na Lusangi, wamejificha nyuma ya matofali ya mtu. Nilipita, nikakutana na wenzetu watatu wanakuja mbio, nikajipiga kichwa mpaka kaske ikalia. Wakanicheka. Mmoja akanijibu kwa kujipiga tako. Wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye kamba, piki zote tatu zikalala polisi.

Hapo parkingi ikawaka. Kikao kiliitishwa hapa hapa, piki zimepangwa, na mimi katikati kama kuku wa kuuzwa. Sumaili ndiye alisema. Unamjua, mutu wa maneno machache. "Idi, alama si yako. Ni yetu sote. Ukiiharibu, nani ataamini mukono wa nani?" Nikaona kweli anayosema, na kweli hiyo ikanikasirisha. Nikasimama, nikasema mbele ya wote, "Siku ya Amisi, njia ilikuwa nyeupe." Sumaili aliangalia chini, akaanza kusugua kioo cha piki yake kilichokuwa safi tayari. Nikajuta, maana yeye pia alikupenda, na ndiye aliyegeuza piki akakushika upande wa kichwa tulipokutoa majini. Lakini neno likishatoka halirudi. Wakaamua: nikidanganya tena mara moja, natoka parkingini, na hakuna atakayeniita motari Kasongo yote.

Nikatii. Lakini mkono uliniwasha, shemeji. Nilipita pale juu nimeushika usukani kwa nguvu, naona watu wanateremka mbio kuelekea daraja lile, na mimi kimya. Nilikuwa nasimama kusikiliza kila injini mpaka ivuke. Wateja wakalalamika: dereva gani huyu, anasimama kusikiliza miti? Usiku, asubuhi, nikila ugali, nasikiliza.

Sasa sikia la juzi.

Nilikuwa narudi kutoka Wamaza, peke yangu, mvua inanifukuza nyuma. Na nitakwambia kweli, maana wewe peke yako hutaniona mbaya: gazi ni tamu. Mimi niliyelia kwa ajili ya mwendo, niliufungua. Nilijiambia nipite kabla ya mvua, kama wewe ulivyosema upite kabla ya askari. Upepo ukaingia kichwani, mguu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu ufe. Nilikuwa na raha, Amisi. Nilikuwa hata nimesahau kilima kipi nakiteremka, maana upande ule wa Wamaza nako ni mteremko, na daraja huoni mpaka ulifikie.

Mbele yangu ikapanda piki moja polepole. Sumaili. Akaniangalia usoni, akainua mkono, akajipiga kichwa.

Mwili ukatii kabla ya akili. Freni, gia ya pili, nikakaa sawa. Yeye akapita. Nikakunja kona: daraja, miti imelowa, na katikati mama mmoja na beseni la mihogo kichwani, na mbuzi wake amegoma kuvuka. Ningewapeleka wote majini. Nilisimama, nikamsubiri mbuzi. Nikaangalia huku na huku, nyuma ya mianzi, chini ya daraja. Kofia hata moja hakuna. Mama akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikuwa nalia kama mtoto, na mvua ikatufikia wote pale pale.

Jioni nilimkuta Sumaili hapa parkingini, amesharudi, wengine wote wako. Nikamwambia kwa sauti, wasikie, "Prezida, pale darajani hakuna askari."

Hakucheka. Akasema, "Iko mumoja. Amisi iko pale."

Yule aliyejipiga tako akavua kaske, akatikisa kichwa: ndiyo. Na tangu juzi, shemeji, kila motari anayepita kile kilima, akipanda au akishuka, anajipiga kichwa kwa mwenzake. Kwingine kote alama haidanganyi. Na pale haidanganyi vilevile.

Ona sasa, maisha yako yote ulikuwa unawakimbia, na leo tumekuvalisha kofia. Filimbi hatujapata. Utatukamata na macho.

Mguu umetulia kidogo, naona. Zaina anataka kwenda Wamaza kesho kuwasalimia ndugu zako, na nitambeba mimi, na Fatuma katikati yetu. Nakuahidi: gia ya pili, kutoka juu mpaka tuvuke. Mtoto atajipiga kichwa tukifika, sitamkataza. Wewe tulia hapo, shefu. Sisi tunapita polepole.

Shemeji yako,
Idi