Sikio Langu la Kushoto na Hedifoni Nne

Dada Bernice, mshauri wetu wa gazetini kila Jumatano, nakuandikia nikiwa nimejifungia gereji, maana jambo lenyewe ni aibu kwa mzee wa miaka sitini na moja, na naomba unisaidie kabla halijanitoka mdomoni vibaya.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Brandon, na kila Jumapili tukitoka kanisani tunacheza gemu ya vita ya mtandaoni watu watatu, mimi, shemeji yangu Doreen, dada wa mke wangu, na jirani yetu Lyle, kila mtu kwake na mashine yake, tunaongea kupitia hedifoni, na kazi yangu ni kulinda nyuma, yaani nisikie nyayo za adui niwaambie wenzangu anatokea wapi, sasa mimi kila mara nasema kulia, naye anatokea kushoto anatumaliza wote, kwa sababu, Dada, sikio langu la kushoto halisikii kitu mwaka wa nne huu na sijamwambia mtu.

Nimesingizia hedifoni. Ya kwanza nilisema ni ya bei rahisi, ya pili inabana, ya tatu isiyo na waya inachelewesha sauti, na ya nne Doreen mwenyewe alinichagulia baada ya kusoma maoni ya wanunuzi wiki mbili nzima, akaniletea mpaka mlangoni pamoja na pai, nami nikaivaa nikamwambia upande wa kushoto umekufa. Basi tukairudisha dukani, yeye akaingia, mimi nikabaki garini nikimwangalia kupitia kioo akimfokea binti wa kaunta, aliyeijaribu akasema ni nzima, mpaka binti akawa anafuta machozi, na mimi nimekaa tu. Mwezi ujao kuna mashindano, na Doreen na Lyle wanachanga waninunulie hedifoni ya mabingwa. Nichague ipi, au nijitoe nisingizie mgongo?

Orest D., Brandon

*

Orest, mgongo wako hauna kosa, uache.

Pole kwa sikio. Mtu aliyechomelea vyuma maisha yake yote hana cha kuona aibu hapo, na naelewa unaogopa kuonekana umezeeka. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Umemwacha binti wa watu alie kwa uongo wako, nawe umekaa garini umefunga mkanda.

Hakuna hedifoni ya kulisikizisha sikio lisilosikia. Hiyo ya mabingwa sifa yake kubwa ni kutenganisha kushoto na kulia, kwa hiyo utapata nusu ileile kwa bei kubwa zaidi. Wazuie wasinunue, leo. Kwenye mipangilio ya mashine yako tafuta mahali pa kuunganisha sauti za pande mbili ziwe moja, ili zote zikufikie kulia. Gemu nyingine zina alama za kuonyesha kwenye skrini nyayo zinatoka wapi. Kama yenu inazo, ziwashe. Kulinda nyuma mwachie Lyle. Wewe chukua hedifoni ya kawaida yenye waya, nyepesi, mito yake ya kitambaa isikandamize miwani, na maiki inayosikika vizuri. Kisha kamwone daktari wa masikio, umechelewa mno.

Doreen mwambie ana kwa ana, siyo kwenye maiki. Halafu nendeni wote wawili dukani, na wewe ndiye utangulie kuingia.

*

Orest aliniandikia tena, kwa ufupi. Alimwambia Doreen jikoni kwake. Doreen aliweka chini kisu cha kumenyea viazi, akamuuliza, "Tangu lini?" Akamwambia.

"Miaka minne nakaa kushotoni kwako kanisani nakunong'oneza habari za watu," Doreen akasema. "Kumbe naongea na ukuta, shemeji?"

Akacheka mpaka akatafuta kiti. Dukani binti aliwasamehe, na yeye mwenyewe akamwonyesha Orest jinsi ya kubadilisha ile mipangilio. Kwenye mashindano walitolewa raundi ya pili. Adui alitokea nyuma, kulia, na aliyekuwa akilinda ni Lyle mwenye masikio yake yote mawili.