Maji Niliyokunyima

Elieshi, mke wa mwanangu,

Ungekuwa hai ungeniamkia kwanza, nami ningeitikia marahaba huku naangalia kitu kingine, kama nilivyozoea. Leo naanza mimi. Kuandika sijui vizuri. Nilisoma darasa la ubatizo tu, misimu miwili, na mwalimu alisema herufi zangu zinatembea kama kuku wanaotafuta punje. Utazisoma hivyo hivyo.

Mwanao yupo. Najua ndiye ungemuulizia kwanza. Ulimwacha ana siku kumi, hajapewa jina, tukamwita Anna. Nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe na kijiko, na wengi walisema hatapona, akapona kwa ubishi. Sasa yuko darasa la pili kwenye shule ya misheni. Anacheka kama wewe, kwa kuziba mdomo na kiganja. Eliya alikaa miaka mingi bila mke. Mwaka jana akamwoa Raheli, binti wa kutoka Sing'isi, mtaratibu, mikono yake haikai bure. Masika haya amejifungua mtoto wa kiume.

Hizo ndizo habari nzuri. Zilizobaki ni zangu.

Nimelala na jambo hili tangu tulipokuzika, na kila mtu mlimani hapa analijua kwa namna nilivyolisimulia mimi. Nataka sasa ulisikie jinsi lilivyokuwa, ingawa ulikuwepo, ingawa ulilijua kuliko mimi.

Siku ya nne baada ya kujifungua homa ilikushika, ukatetemeka mpaka kitanda kikalia. Eliya alimleta Yona, dresa wa dispensari. Mimi Yona nilimjua akichunga mbuzi bila suruali. Kwamba alikwenda vitani na jeshi la Mwingereza, akafundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa, halafu akarudi na viatu, kwangu hiyo haikuwa sababu ya kumsikiliza. Akakupima, akatoa vile vidonge vyeupe vikubwa, akanigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nakutunza.

Alieleza vizuri. Uongo wangu wote siwezi kuuongezea huu, wa kusema hakueleza. Alisema dawa ikimezwa inaingia kwenye damu, inazunguka mwili mzima ikipigana na ugonjwa. Ikimaliza kazi inatafuta njia ya kutoka, na njia yake ni mkojo, kwa hiyo inataka maji mengi ya kuibeba. Akachukua magadi yangu pale jikoni, akatia kijiko kizima kwenye maji kidogo ndani ya kikombe cha bati, akakoroga, akanionyesha. Magadi yalibaki chini kama mchanga. Akasema hivyo ndivyo dawa inavyoganda ndani ya figo mtu asipokunywa, ikakwaruza, ikaziba.

"Mama," akasema, "viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Kila mara kikombe kizima cha maji, na katikati aendelee kunywa. Asipokunywa maji, usimpe dawa."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilichokuwa nawaza ni kwamba ameniharibia magadi yangu.

Unajua mwenyewe, kwetu mzazi aliyetoka kujifungua hapewi maji. Mama mkwe wangu hakunipa mimi, na yeye hakupewa na wake. Mzazi anakula mtori mzito wa ndizi, mafuta ya kondoo, siagi, na maziwa ya moto kidogo ya kusukumia. Maji tuliambiwa yanapoza tumbo lililo wazi, tena yanakaa mahali pa mafuta. Na mimi nilikuwa na sifa. Wazazi wote niliowatunza, siku ya kutolewa nje baada ya miezi mitatu, wanawake walipiga vigelegele kwa mashavu yao na kuuliza nani aliyewalisha. Nilishawaambia wenzangu pale kanisani kwamba wewe, na wembamba wako ule, nitakutoa ukiwa hupiti mlangoni. Kondoo wawili walikuwa wamenoneshwa kwa ajili yako.

Basi nikachukua dawa ya Yona, nikaacha maji yake. Nilikumezesha vidonge kwa vijiko vya mtori.

Siku ya pili ya vidonge homa haijashuka, nikaanza kukupa vinne badala ya viwili. Nilidhani dawa ni kama kuni, ukitaka chungu kichemke upesi unaongeza. Hakuna aliyeniambia niongeze. Niliongeza kwa akili yangu hii.

Ukaomba maji. Ulisema, "Mama, hata funda moja." Nikakujibu kwamba wanawake wa siku hizi ni laini, kwamba mimi nilizaa watano na sikulilia maji hata kwa mmoja. Nilikuwa nasema uongo, Elieshi. Nililia. Nililia nilipomzaa Eliya mwenyewe, na mama mkwe wangu akanipiga konzi la kichwa. Nilikuwa nimesahau, au nilijifanya nimesahau.

Ile siku ya tatu nilitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi nilikukuta umeinama chini ya kitanda, umechovya pembe ya khanga kwenye karai la kumwogeshea mtoto, unainyonya. Maji ya kuogeshea mtoto. Ulinitazama, ukaitoa ile khanga mdomoni taratibu, kama mtoto aliyeiba sukari. Nami nikalichukua karai nikayamwaga yale maji uani, nikarudi nikaketi mlangoni.

Kwa nini hukupiga kelele? Eliya alikuwa kwenye mibuni, hata mtu anayekohoa alimsikia. Ungeita mara moja tu angekuja. Unaona, nakugombeza mpaka leo, mdomo wangu haujui njia nyingine. Hukuita kwa sababu mama yako alikulea kuwaheshimu wakubwa, na mkubwa uliyepewa ndiye mimi.

Baada ya hapo ulianza kushika kiuno. Mkojo ulikuwa kidogo, mwekundu kama maji yaliyosuuziwa nyama. Niliuona, mimi ndiye niliyemwaga chombo. Nikasema ni uchafu wa uzazi unatoka. Ukatapika, nikasema mafuta yamekukinaisha, utayazoea. Halafu mkojo ukakoma kabisa, na uso wako ukaanza kuvimba.

Hapa ndipo ninapoona haya kuliko pote. Nilifurahi. Niliona mashavu. Niliwaita majirani waje waone, nikakushika kidevu nikakugeuza huku na huku kama ndama mnadani, nikasema, mnaona wenyewe, na bado hata wiki mbili hajamaliza. Wewe hukuweza hata kufumbua macho vizuri kwa uvimbe. Mmoja wao alisema mtu hanoni hivyo. Nikamwambia ana wivu.

Yona alipopita kukuangalia hakusalimia mtu. Alikubonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akaagiza machela saa ile ile. Vijana wanne walikubeba kuelekea hospitali, Eliya akiwa mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Ulikata roho kabla hatujafika barabara ya magari.

Pale pale kandokando ya njia Yona aliniuliza, "Mama, alikuwa anakunywa maji?"

"Sana," nikasema.

Nikaona lazima niseme jingine la kumfunika, nikamwambia kwa sauti ili vijana wa machela wasikie: vidonge vyako ndivyo vilivyomuua. Kufikia jioni mlima mzima ulikuwa na habari hiyo, na mimi sikuwa na kazi ya kuisambaza, ilitembea yenyewe. Msibani nilimwambia na mama yako hivyo hivyo. Mama yako aliniamini. Alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, akanishukuru kwa jinsi nilivyokutunza mpaka mwisho.

Nikapokea shukrani. Nilisema asante.

Tangu siku ile wanawake wa huku wakipewa vidonge walivipokea kwa adabu, wakavichomeka kwenye majani ya mgomba ya paa. Yona walimkwepa njiani. Wengine walimwita muuaji mbele ya watoto wake, naye kazi yake aliendelea nayo. Kila nilipokutana naye aliniamkia. Ningetamani anitukane.

Sasa sikiliza habari ya Raheli.

Siku ya tano baada ya kujifungua, homa. Kutetemeka kule kule. Nilisimama pale mlangoni nisiingie, maana ilikuwa kama wewe umerudi kunionyesha. Yona akaja, nywele zimeanza kuwa nyeupe, akatoa vidonge vya namna ile ile. Raheli akageukia ukutani. Akasema hatavimeza, hivyo ndivyo vilivyomuua mwenzake. Yona akauliza nani kakwambia. Akajibu, mama.

Yona hakunitazama kwa hasira. Alikunja mkoba wake akasema, "Mama, mimi nikitoka hapa hatameza. Asipomeza hafiki Jumapili. Wewe ndiye atakayekusikia."

Nikajaribu njia ya mkato, usifikiri niliongoka mara moja. Nikamwamuru Raheli, meza tu, usitusumbue. Nikasema dawa za siku hizi ni nyingine. Raheli akajibu kwa upole kwamba mimi mwenyewe nilimsimulia, siku ya kwanza aliyoingia nyumba hii, na kwamba nilimwapisha asiviguse. Ni kweli, nilimwapisha. Eliya naye akasimama mbele ya kitanda, akasema mke mmoja amekwisha kuzikwa kwa vidonge hivyo, wa pili hapana. Mwanangu alikuwa anamkinga mkewe asipone, kwa ajili ya maneno yangu.

Nilitaka Yona aseme yeye. Alijishughulisha na kamba ya mkoba.

Basi nikasema. "Vidonge havikumuua. Aliambiwa anywe maji nikamnyima. Na dawa nikamzidishia."

Mtoto alikuwa ananyonya, tulimsikia.

Eliya akauliza neno moja. "Aliomba?"

Ningeweza kusema hapana. Nakwambia kweli, lilikuwa tayari ulimini.

"Aliomba," nikasema. "Kila siku."

Alitoka, akarudi na maji yaliyochemshwa kwenye jagi kubwa, akamwinua Raheli kwa mkono mmoja, akamshikia kikombe kwa mwingine mpaka kikaisha, akajaza tena. Vidonge viwili, maji. Alikaa hivyo siku tano, magugu yakiota kwenye mibuni. Mtori niliupika mimi, lakini hakuniruhusu kuuingiza ndani, aliupokea mlangoni. Siku ya tatu Raheli alitoka jasho, homa ikashuka. Nilitaka kuona vidonge vilivyobaki vikiwekwa akiba, maana amepona, na Eliya bila kunitazama akasema dresa kasema vimalizwe vyote. Nikafunga mdomo. Hiyo ni mara ya kwanza unayoisikia, najua.

Raheli sasa anatembea. Lakini kila akitaka kunywa maji nikiwa karibu, kwanza ananiangalia, kama anayeomba ruhusa. Nageuka niangalie migomba ili anywe. Eliya ananisemesha kwa kupitia Anna: mwambie bibi yako chakula tayari, mwambie bibi yako mvua inakuja. Na Anna hajui kwa nini. Aliniuliza juzi nimemkosea nini baba. Nilimwambia nitamweleza nikirudi kutoka kwa mama yako wewe.

Maana ndiko ninakokwenda. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilimwomba mchungaji nafasi. Nikasimama mbele ya wale wale wanawake, nikamwita Yona kwa jina, nikasema nilimsingizia, na nikaeleza habari ya maji na magadi kama alivyonieleza yeye, ili anayeficha vidonge kwenye paa akavitoe amrudishie. Hawakupiga vigelegele. Mzee mmoja alitema mate. Yona alikuwa nyuma, akatoka nje kabla sijamaliza, na mkewe akaniambia mlangoni kwamba nimechelewa miaka minane. Ndivyo ilivyo.

Lakini mama yako hakuwepo. Miguu yake haimfikishi tena kanisani, yuko Akheri kwa kaka yako. Sitaki alisikie kwa mtu wa sokoni. Wengine wananishauri nimwache, ni mzee, atakufa na amani yake. Amani ile niliitengeneza mimi kwa uongo, na shukrani zake bado ninazo, siwezi kufa nazo.

Sikuombi unisamehe. Nilikuwa na nafasi ya kukuomba ukiwa hai na masikio yako yanasikia, nikaitumia kukusuta. Kaa ulipo, Elieshi, uwe na yote niliyokunyima. Mtoto wako nitamkuza kadiri nitakavyoachiwa, na akiwa mzazi hatatunzwa kwa sifa za mtu.

Kesho asubuhi natembea kwenda Akheri. Barua hii naibeba, kwa kuwa najijua, nikifika mbele ya mama yako ulimi utaanza kupamba. Nikishindwa, nitamkabidhi kaka yako aisome kwa sauti, yote, pamoja na habari ya ile khanga, nami nitasimama pale pale mpaka afike kwenye jina langu.

Ni mimi, mama mkwe wako,
Nderekwa