Wingu la Nyota Juu ya Ua Wetu

Baba Zuhura,

Wingu lako la nyota nimelipata! Nisamehe, nimeshindwa kutanguliza salamu.

Kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi ulichomwagizia mdogo wako Dar alikileta siku ya arobaini yako. Kidogo, cheusi, ukikielekeza dirishani unaona wekundu tu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Hiki kitafukuza taa zote, kiache mwanga wa wingu peke yake." Na taa zimezidi. Kituo cha mafuta kimeongeza jenereta, mbingu ya Kibiti imekuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Ndiyo maana filamu zako zilitoka ukungu mtupu, watu wakakucheka.

Shemeji, huyo huyo mdogo wako, alisema eda ikiisha studio yako ya picha ifungwe, kamera aichukue yeye. Sikubisha. Lakini eda ilipokwisha, baada ya Isha, nilitoa kamera uani, nikatia kile kioo mbele ya lenzi, nikaifunga juu ya zile mbao zako mbili zenye bawaba, nikaielekeza chini ya nyota tatu zilizojipanga. Zuhura alikaa mlangoni kuzuia watu wenye tochi. Mimi nikazungusha skrubu ili kamera ifuate nyota, kila nikimaliza uradi mmoja, mzunguko mdogo, kama ulivyonifundisha. Mkono ulikufa ganzi.

Mama yako akatoka, akauliza, "Mwanangu, unapiga picha giza?" Nikaendelea kuzungusha skrubu.

Asubuhi nilisafisha filamu, nikaimulika juu ya karatasi, nikatia karatasi kwenye dawa. Mwanzo weupe mtupu. Halafu giza likaanza kuingia kutoka pembeni, na katikati, Baba Zuhura... likabaki wingu. Lina mbawa! Moyoni mwake linawaka, kingoni limechanika kama moshi unaopenya makuti. Nikakaa chini.

Mama yako aliishika picha kwa ncha za vidole. "Subhanallah," akasema. "Na lilikuwa hapo siku zote, marehemu mwanangu akisema sisi hatumsikii." Tukalia, lakini hakikuwa kile kilio cha matangani.

Shemeji alipokuja aliitazama mpaka chai ikapoa. "Shemeji," akaniambia, "kamera ibaki."

Studio iko wazi. Masika yakipita nitayapiga picha yale mawingu mengine ya upande wa kusini, uliyonionyesha kwa kidole, na skrubu atazungusha Zuhura. Hilo nakuahidi.

Mola akukunjulie kaburi, alijaze nuru. Kwaheri, mume wangu.

Mama Zuhura