Sufuria ya Mama Georgette

Panda, Likasi, Juni 1995

Kalombo wangu,

Huku sote wazima. Umeme wa bwawa la Koni umerudi, na barabara yetu imefagiliwa kwa heshima ya serikali mpya. Chama cha baba yangu na chama cha baba yako, vilivyopigana jana tu, sasa vinatawala pamoja. Jumapili baba zetu walikumbatiana mbele ya watu, tukapiga makofi.

Jioni mama yako, Mama Georgette, akatuletea sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo anayojua kuyapika. Alipoondoka tu, baba akasema, “Joëlle, enda kumwanga ile. Serikali tunakula pamoja, lakini tumbo ni yangu!” Wote wakacheka, ingawa hofu ya sumu ilikuwa ya kweli. Mimi, mchumba wako, nikaimwaga nyuma ya choo. Sikulamba hata kidole. Niliogopa kama wao.

Leo nimerudisha sufuria.

“Mwana, sombe ilikuwa tamu?” mama yako akauliza.

“Sana, mama.”

Alifurahi mno, akanijazia tena.

Iko hapa mbele yangu, bado ina moto. Mara mbili nimechota kijiko, mara mbili nimekirudisha. Kalombo, usinisamehe kabla sijala.

Wako, kama bado unanitaka,
Joëlle