Subaru Yangu Haiuzwi

Machame,
14 Septemba 2024.

Mjukuu wangu mpendwa Jesse,

Huna adabu. Nimeanza na hilo lisije likasahaulika, sasa tusalimiane. Shikamoo uliyoituma kwa simu nimeipokea, marahaba. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua kukiwa na baridi. Mkeo Stella hajambo? Ronald ameacha kukohoa? Huko Mwanza msimlishe mtoto samaki tu, mpikieni na mtori.

Haya. Nani alikuambia Subaru yangu inauzwa? Ulikuja Pasaka ukaikuta imefunikwa turubai, ukaipiga picha, ukaondoka kimya, kumbe unakwenda kuitangaza mtandaoni. Hukuuliza. Ilikuwa inangoja klachi, na ilifungwa wiki iliyofuata kwa fundi Mathew wa Bomang'ombe. Wewe ukadhani bibi amezeeka, ameacha kuendesha.

Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini mwaka 1981 niliuza kahawa nikanunua Datsun ya milango miwili. Wanawake wenzangu wakasema nimerogwa. Nikawapakia na ndizi zao mpaka sokoni, wakanyamaza. Ikaja Celica, nikaibadilishia springi na ekzosi mpaka wazee wa kanisa wakalalamikia kelele. Lakini hii Subaru ndiyo roho yangu. Nimeifungia turbo kubwa na breki mpya magurudumu yote. Kupanda kutoka Bomang'ombe hadi nyumbani sijapitwa na mtu, na wewe unajua, maana ulishawahi kulia kwenye kona ukiniomba nipunguze.

Basi Jumanne hii akapiga simu mtu anaitwa Sylvanus, wa Mkuu kule Rombo, kwamba mmeelewana na anakuja kuchukua gari. Sikubishana naye. Nilikwenda mpakani mwa kihamba, pale migomba yetu inapoishia, nikakata masale manne, yale majani ya mpaka ambayo Mchagga hayavuki bila ruhusa ya mwenyewe, nikayasimika mbele ya kila gurudumu. Mchungaji akiuliza, nitamjibu mwenyewe.

Alifika na dereva, na ufunguo wa akiba uliomtumia kwa basi. Dereva akainama ang'oe sale, Sylvanus akamvuta shati.

"Wewe umezaliwa wapi? Mwenye mpaka ameshasema." Kisha akanigeukia. "Mama, mjukuu wako aliniambia gari halina mtu. Hapa mimi sivuki."

Nikampa chai. Akaomba angalau aisikie inavyounguruma, nikayaondoa masale kwa mkono wangu, nikampeleka mpaka lami na kurudi. Alishuka anatafuta pa kushika, akanirudishia ufunguo.

Huyo ni Mchagga, ameelewa. Kesho utaniletea mtu asiyelijua sale, aling'oe kama gugu, na kadi ya gari ina jina lako. Nilikuandikisha kwa sababu wewe ndiye uliyeitoa bandarini, basi. Gari ni la Brenda siku mikono yangu ikichoka. Mdogo wako huyo anasoma ufundi Moshi, na ile klachi aliifunga yeye, Mathew akimshikia taa. Najivunia huyo mtoto kuliko hata turbo.

Shangazi yako Evelyn na Mama Dominika wa jirani wanawasalimu. Mungu awatunze, na wewe akuongezee akili.

Lile tangazo lifute leo, kabla hujala. Desemba mkija nyumbani uje na kadi, twende Moshi ukaliandikishe gari jina la Brenda. Nitaendesha mimi.

Ninayekupenda hata nikikukaripia,
Bibi yako Ruth