Ile Pombe Haikuwa ya Kuonjwa

Voi, Jumapili jioni, Julai 1957

Upepo umevuma mchana kutwa na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye shuka. Milima haionekani, imejifunika ukungu tangu asubuhi. Afadhali. Leo sina uso wa kuitazama.

Kwa kawaida Jumapili jioni mimi huandika katika daftari hili habari za mvinyo. Wiki iliyopita niliandika juu ya ule mwekundu wa Afrika Kusini, chupa ya bei ya chini kabisa katika duka la Mhindi wa karibu na stesheni. Nilisema unanukia zabibu kavu, unaanza kwa adabu, kisha unakwaruza koo kama mtu aliyesahau alikuja kusalimia. Kabla ya huo niliisifu sheri moja tamu, nikaionea huruma nyingine iliyoachwa juani dirishani mpaka ikageuka siki. Hakuna anayesoma haya. Mimi ni weita wa hoteli, naonja mabaki ya wageni na chupa za bei nafuu ninazonunua mwenyewe, basi. Wenzangu wana mpira, wengine wana wanawake, mimi nina hili.

Kuonja nilifundishwa na Mgoa mmoja, msimamizi wa behewa la chakula, ambaye treni ikikawia hapa huja jikoni kwetu kupiga soga. Alinionyesha namna ya kuinamisha glasi mbele ya kitambaa cheupe, kutanguliza pua, kujaza mdomo, kuuzungusha mvinyo huku na huku, kuvuta hewa kidogo kati ya meno, kisha kutema ndooni. Ukimeza, aliniambia, utalewa kabla hujajua umekunywa nini.

Nimefanya hivyo mpaka mdomo umezoea. Kitu chochote cha majimaji kikiingia, unaanza kazi wenyewe. Hata chai. Hata dawa ya kikohozi. Jikoni wananicheka, wanasema napiga mswaki kwa chai, na mimi nilikuwa nikijivunia kicheko hicho.

Mpaka jana.

Mama anaumwa. Anakaa Ronge kwa kaka yangu mkubwa, Mwadime, na tangu baridi ianze hajala kitu cha maana. Uji akipewa anaurudisha. Dawa za zahanati amezimaliza na hazikumsaidia. Ndipo Mwadime alipokwenda kwa mpiga ramli, akarudi na jibu kwamba mtoto mmoja wa huyu mama ana hasira moyoni na ameificha.

Kwetu Udawida, huko milimani, jambo hilo halichekwi. Hasira ya ndugu iliyofichwa ndiyo inayowaletea watu ugonjwa, na dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anajaza mdomo pombe ya miwa, anaipuliza nje kama manyunyu, na anatamka mbele ya watu kwamba hasira ameitoa, mgonjwa apoe, alale, aamke. Bila maneno hakuna kitu. Watoto wa mama tuko wawili tu. Mwadime alikwisha tasa kwa upande wake, na mama hakupata nafuu. Nikabaki mimi.

Nimebatizwa, na kanisani tunaambiwa hayo ni mambo ya giza. Ningeweza kujificha nyuma ya ubatizo wangu. Sikujificha, kwa sababu hasira ipo na mimi naijua.

Sijawahi kuiandika. Naiandika.

Baba alipofariki mwaka jana, Mwadime hakuniita. Lori la mboga huteremka kutoka milimani kuja Voi karibu kila siku. Angempa dereva neno moja tu, ningefika jioni ile ile. Yeye alimpa neno mtu aliyekuwa akipeleka mbuzi Ndara, upande wa huku Voi, na mtu huyo akapitia kwanza kwa wakwe zake. Nilipofika nyumbani, baba alikuwa amekwisha zikwa, waombolezaji wamerudi makwao, na watoto wanacheza karibu na udongo. Nilimshika kaka mkono nikasema kazi ya Mungu haina makosa. Tangu siku hiyo nampelekea sukari, tunacheka, tunaulizana habari za mahindi, na kila nikimwona nauona udongo ule. Hajui, nilikuwa nikijiambia. Mimi ni weita, uso wangu nimeufundisha kutosema kitu.

Basi jana nilipanda. Mama alikuwa ametolewa nje, amelazwa kwenye kitanda cha kamba penye jua, amefunikwa blanketi niliyomnunulia mwenyewe. Mkono wake umekuwa mwembamba hata bangili inateleza hadi kwenye kiwiko. Walikuwapo shemeji yangu Wakesho na majirani wachache. Pombe aliitengeneza Mwadime mwenyewe, miwa aliikata na kuikamua kwa mikono yake, na alinikabidhi kibuyu kama anayekabidhi mtoto.

"Haya, ndugu yangu," alisema. "Mama anakungoja."

Nikajaza mdomo.

Natamani niishie hapa. Ulimi ukaanza kazi. Nikasikia kwanza utamu wa miwa, ule wa bondeni karibu na maji, kisha moshi kidogo wa kuni, kisha ukali mwembamba pembeni mwa ulimi, na baadaye kabisa uchungu wa kupendeza uliokaa bila kuondoka. Nikaizungusha. Nikavuta hewa kati ya meno, na sauti ile ya kijinga ikasikika ua mzima. Nikainua macho juu kama ninavyofanya jikoni. Nilikuwa nikifikiri kwamba kitu hiki kinazishinda chupa zote za Mhindi, na nilikuwa natafuta neno la kukielezea. Mama yangu amelala hatua chache kutoka miguuni pangu, na mimi natafuta neno la kuisifia pombe.

Kisha nikageuka pembeni nikatema. Sikupuliza. Nilitema mara moja, kwa ustadi, kwenye majivu, nikatoa leso nikapangusa midomo.

Sikusema hata neno moja.

Nilishtuka baadaye, nilipoona watu bado wananitazama. Walikuwa wanangoja. Jirani mmoja alimtazama mwenzake. Mama, ambaye masikio yake hayasikii vizuri siku hizi, akainua kichwa akauliza, "Amesemaje?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa bado nina ladha ya miwa kwenye fizi na kichwa kimekuwa kitupu.

Mwadime alikuwa ameinama kando yangu. Ndiye aliyejibu.

"Amesema vizuri, mama. Amesema yote."

Mama akanitafuta mkono akaushika. Akasema, "Asante, mwanangu. Nilijua huna moyo mbaya." Halafu akaomba uji. Akanywa nusu bakuli, tukamwangalia wote kama tunaoangalia maji yanayochemka, na uji ukakaa. Wakesho alikimbilia jikoni akalia kwa furaha, tulimsikia. Majirani walinipa mkono.

Na mimi nikawapa wangu.

Ningeweza kusema wakati ule. Ningeweza kusema majirani walipoondoka, au tulipokuwa tunakula, au wakati mama aliponiita nimwinue akae vizuri. Kila mara nilijiambia ngoja kidogo, asije akaurudisha uji. Nikajiambia pia kwamba labda kweli nilinong'ona kitu na Mwadime akakisikia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi shahidi. Nililala na shahidi huyo mpaka asubuhi, na nililala vizuri, jambo ambalo nalo linanitia haya.

Leo asubuhi Mwadime alinisindikiza barabarani kungoja lori. Alibeba mfuko wangu ingawa yeye ndiye mkubwa. Tulikaa juu ya magunia ya kabichi tukiangalia ukungu. Alikuwa anachokoa matope kwenye kiatu kwa kijiti, na bila kuniangalia akaniuliza:

"Ile pombe ilikuwaje?"

Nikamwuliza pombe gani.

"Ya jana. Si wewe ni fundi wa kuonja? Nilikuona."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamjibu alichouliza tu. Nilimwambia ilikuwa nzuri. Akataka kujua nzuri vipi. Nikamwambia ni nzuri kuliko zote nilizoonja mwaka huu. Hilo ndilo neno la kweli pekee nililotamka tangu nifike kwao. Aliitikia kwa kichwa, na nikaona amefurahi kidogo, kwa kuwa kazi ya mikono ya mtu ni yake hata siku mbaya.

Kisha akasema, "Mama sikumdanganya kwa ajili yako. Nilimdanganya ili ale. Sasa uongo wangu utamshibisha mpaka lini? Wewe una neno na mimi. Nalijua tangu ulipokuja ukakuta tumemzika mzee. Nikangoja uliseme, wewe ukaniletea sukari."

Nikashika kamba ya gunia, nikawa naifungua na kuifunga.

"Njoo uliseme, ndugu yangu. Hata ukinitukana, nitukane. Mimi nitakaa."

Lori likatokea kwenye kona. Nilimwambia nitakuja Jumamosi nikipata ruhusa. Alisema sawa, akanipandishia mfuko, akasimama barabarani mkono mmoja kiunoni mpaka tukapoteana machoni. Njia nzima sikumbuki kitu. Dereva alinisemesha Mwatate na nadhani sikumjibu.

Sasa niandike lililo baya zaidi, maana humu sina weita wa kumwigiza. Nilipofika chumbani, kabla sijanawa miguu, nilichukua kalamu nikaandika mistari mitatu juu ya pombe ile. Rangi yake. Harufu yake. Vile ule uchungu wa mwisho ulivyokaa. Habari za mama nilikuwa sijaandika hata herufi. Nimeifuta mistari hiyo kwa wino mara mbili na bado inasomeka.

Ni mtu gani huyu?

Nimekuwa nikidhani aibu yangu ni kusahau maneno. Sikuyasahau. Niliyakimbia, na ulimi ukanipa mahali pa kukimbilia, penye starehe na maarifa. Vizuri nimejifunza kuvitema, na kile kilichostahili kutemwa nimekimeza mwaka mzima. Halafu namlaumu Mwadime. Yeye, niliyemnunia kimoyomoyo, ndiye aliyejichafua kwa uongo mbele ya mama ili mimi nisiumbuke. Sikumwambia hata asante.

Sijui kama hasira yangu ndiyo inayomlaza mama. Padre angenikemea kwa kuuliza, na labda daktari angecheka. Lakini mama anaamini, na jana alikula kwa sababu ya imani hiyo, juu ya neno ambalo hakuna aliyelisema. Hilo sihitaji kanisa wala ramli kunieleza.

Muda mfupi uliopita nimesimama katikati ya chumba nikajaribu. Nimesema kwa sauti: kaka, nilikukasirikia kwa sababu hukuniita nimzike baba. Jirani wa chumba cha pili amekohoa. Nimerudia. Ni sentensi moja tu. Nilidhani ni ndefu zaidi.

Nimeketi tena, nikasoma pale juu nilipoandika kwamba nitakwenda Jumamosi. Mama anaumwa leo, na mimi nampa miadi ya Jumamosi. Likitokea la kutokea siku ya Jumatano, nitasimama mbele ya udongo mwingine nikisema neno lilichelewa, na safari hiyo mchelewaji nitakuwa mimi, wala sitapata ndugu wa kumnunia.

Kesho ni siku ya kazi. Treni ya Mombasa italeta wageni, na meneja ana maneno makali kwa mtu anayeomba ruhusa dakika ya mwisho. Anikate mshahara akitaka. Akinifukuza, kuna hoteli nyingine, na kama hakuna, kuna mahindi ya kupalilia Ronge. Lori linapanda alfajiri likiwa tupu. Dereva nimekwisha mtumia salamu asiniache.

Mwadime hatapenda nitakavyoanza, kwa kuwa nitaufichua uongo wake pamoja na wangu. Huenda akakasirika. Basi tutatasa wote wawili, miwa si ipo. Nitampigia mama magoti karibu na sikio lake linalosikia, na kabla ya hasira, kabla ya habari za baba, nitamwambia: mama, juzi sikusema kitu.