Mashindano ya Mlenda Wodini

Mama Neema,

Hujambo na mbuzi wetu? Tangu wanipasue macho hapa hospitali ya Manyoni, siku tatu nimekaa gizani na bandeji, bila ndugu hata mmoja. Mimi kulia? Thubutu! Mzee wa kitanda cha jirani, Mgogo, naye kafungwa macho, ndiye aliyekuwa analia. Nikamwambia, "Mgogo, acha kilio! Tushindane kula mlenda huu unaoteleza bila kudondosha." Nesi akawa mwamuzi, na kila siku aliniambia, "Babu, umeshinda!"

Leo wamenifungua. Kitu cha kwanza kukiona ni lile shati la mtumba ulilonichagulia: mlenda kuanzia kola mpaka kitovuni! Nikacheka kwa nguvu.

Mgogo, yeye bado kafungwa, akauliza, "Unaona nini?"

"Naona nimekushinda," nikamjibu.

Usiogope tena kwamba nitapofuka, mama. Nakuja kukutazama mpaka uchoke.

Mumeo, bingwa wa wodi